Bi Mkubwa Hajaamua

Khelef hununua vitu viwili viwili. Akinunua sufuria, ni mbili. Akinunua udi, ni vikopo viwili, vya duka moja na siku moja. Ana wake wawili, Hind aliyeko mjini, Mkunazini, na Mwanakheri aliyeko Jambiani, na anaogopa sana kuja kuulizwa Siku ya Kiyama kwa nini mzani wake uliinama upande. Kila kitu hupita kwanza kwa Hind. Yeye ndiye bi mkubwa: huvitazama vyote viwili, huchagua kimoja, na kinachobaki hupanda gari kwenda kusini.

Ndivyo zilivyokuja saa janja, mwaka juzi. Zilikuwa pacha. Hind alizivaa zote mbili, moja kila mkono, akatembea nazo sebuleni, kisha akabaki na ile ambayo, kwa macho yake, kioo chake kilikuwa cheusi zaidi. Ikawa inamtajia nyakati za sala na kumpimia mapigo ya moyo, na simu ikiita chumba cha pili inamtetemekea mkononi. Aliipenda. Haikumjia akilini kwamba ni ya zamani mpaka alipoiona ya Mwanakheri.

Ile ya kwanza ya Mwanakheri ilikufa baharini. Mwanakheri analima mwani, na asubuhi moja aliingia nayo majini akasahau kuivua. Khelef alikwenda dukani kutafuta mfano wake, akaambiwa zile hazitengenezwi tena, akanunua iliyokuwepo. Iliyokuwepo ilikuwa mpya, ya kioo kipana, haiogopi maji ya chumvi, na mtu anaweza kuongea nayo simu bila kushika simu. Khelef ni fundi wa viyoyozi mahotelini, amezoea kuona kosa kabla halijatoa moshi. Siku ya zamu ya mjini hakungoja aulizwe.

"Sikukusudia kumpandisha mtu," alimwambia Hind. "Yake imekufa, yako nzima. Lakini haki ni haki. Nikuletee kama yake, au?"

"Au nini?"

"Ammar wa Darajani anasema kuna nyengine inatoka. Ati itapima presha hivi hivi mkononi, bila ya lile dude la hospitali. Na wewe una presha. Ukitaka kungoja, ngoja. Mimi sina neno."

Hind alisema atafikiri.

Alifikiri huku akishona kofia, kwa sababu sindano ikienda na akili yake huenda. Akichukua sasa, atalingana na Mwanakheri. Na kulingana na wa pili, kwa mtu aliyekuwa wa kwanza, ni kushuka. Akingoja, atakuja kuwa juu. Lakini mpaka siku hiyo atakuwa chini, na kila mwenzake atakapoinua mkono kutengeneza mtandio, dunia nzima itaona. Lile la presha aliliweka mbele, kama watu wanavyomweka mzee mbele ya msafara wa posa: yeye ndiye msemaji, lakini siye anayeoa.

Akenda Darajani kwa Ammar.

"Shikamoo, Bi Hind."

"Marahaba. Nnataka kweli, sitaki biashara."

"Kweli na biashara kwangu zinakaa kabati moja, Bi Hind. Sema."

"Hiyo saa ya presha inatoka lini?"

"Wanasema kabla ya Ramadhani."

"Kina nani wanaosema?"

"Hao wanaosema kila mwaka." Ammar alicheka peke yake. "Mwaka juzi walisema itapima sukari. Mpaka leo sukari mimi naipima kwenye chai. Lakini huwezi kujua, pengine safari hii kweli. Hebu jaribu hii ya sasa."

"Naijua. Nshaiona."

"Umeiona wapi?"

"Mkononi mwa mtu."

Ammar hakuuliza mtu gani. Alimfunga saa, na Hind akaiona ilivyomkaa, nzuri kuliko alivyotaka iwe. Akaivua upesi.

"Ikitoka hiyo nyengine," aliuliza, "hii itakuwa ya zamani?"

"Siku hiyo hiyo."

Alirudi nyumbani moyo umepoa kidogo. Khelef alipouliza, alimwambia bado anafikiri. Zamu iliyofuata akauliza tena, na iliyofuata tena. Hind hakuwa anamkomoa. Kila alipofungua mdomo kusema "niletee", aliuona mkono wa Mwanakheri. Kila alipotaka kusema "nitangoja", aliuona mkono ule ule.

Kisha ikaja harusi ya binti wa Nadhira, jirani yao wa mtaa wa nyuma. Mwanakheri alikuja kutoka Jambiani na jamaa zake, akaingia uani ambako wanawake walikuwa wamekaa juu ya mikeka wakichagua mchele na kumenya vitunguu thomu. Alikwenda moja kwa moja kwa Hind.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Za shamba?"

"Nzuri. Mwani umekubali mwaka huu."

Alikunja mikono ya dera, akakaa mbele ya beseni la kuoshea mchele. Saa ikang'aa. Hind alishusha ushungi mpaka ukafunika kifundo cha mkono wake.

Shariffa, dada yake Khelef, alikuwa hapo na kisu cha thomu, na Shariffa hajapata kuona kitu akakinyamazia.

"Ama dunia!" alisema. "Mkubwa kwa jina, mdogo kwa saa!"

Ua mzima ulicheka.

"Cheka, wifi," Hind alisema. "Nnangoja yangu."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Tumbo ni langu. Lako litunze, biriani bado."

Wakacheka tena, safari hii upande wake, lakini alijua kicheko cha kwanza ndicho kitakachorudi majumbani na watu.

Mara mkono wa Mwanakheri ukaita. Mikono yake yote ilikuwa ndani ya maji ya mchele. Alijaribu kuinyamazisha saa kwa kidevu, na kidevu kikagusa pa kupokea. Sauti ya Khelef ikatoka mkononi mwake, safi, kama yumo chini ya mkeka.

"Mwanakheri! Mmefika salama?"

"Tumefika, lakini—"

"Bi Hind yuko karibu?"

Mwanakheri alimtazama Hind. "Yupo."

"Basi mpime kwa taratibu, usimwambie kama nimekutuma mimi. Keshaamua lile jambo la saa? Niambie tu ameinama upande gani."

Visu vya thomu vilisimama. Shariffa akapeleka mdomo wake kwenye mkono wa Mwanakheri.

"Kaka! Sote tupo hapa, nani aanze kupimwa?"

Saa ikanyamaza. Wanawake walicheka mpaka Nadhira akatoka jikoni kuuliza nani amefariki kwa kucheka. Hind hakucheka. Sauti ile ilikuwa ya nyumbani kwake, ya kuombea chai na kuulizia funguo, na sasa imetoka kwenye mkono wa mwengine mbele ya mtaa. Yake haitoi sauti ya mtu. Yake hutetemeka tu.

Baada ya kitambo aliinuka na beseni kwenda bombani. Mwanakheri akamfuata na lake, wakasimama wakingoja maji.

"Dada, usiudhike," Mwanakheri alisema. "Sikujua atasema vile."

"Sijaudhika."

"Mimi nimeudhika."

Hind akageuka kumtazama.

"Nlimwambia aninunulie kama ile ya mwanzo," Mwanakheri alisema. "Ya kwako. Nlijua itakuwa hivi. Akaniambia hamna, shika hii. Mimi huambiwa shika. Wewe huulizwa. Sasa akija kwangu, anakula, anakuzungumza. Hind anafikiri. Hind kasema hivi, lakini uso wake ulisema vile. Jana kaniuliza mimi kama presha yako inapanda kwa kungoja! Zamu yangu, dada. Chumba changu. Anakuja Jambiani, na wewe unakuja naye." Alifunga bomba kwa nguvu, ingawa beseni lake halijajaa. "Amua, nakuomba. Lolote. Chukua, ngoja, omba mbili. Lakini amua."

"Inshallah," Hind alisema.

Alirudi mkekani akakaa. Kitu fulani kilikuwa kimemkalia vizuri kifuani, na ilimchukua muda kukitambua, kwa sababu hakukitarajia kutoka kule. Alichagua mchele mpaka ukamalizika. Alimwonea huruma Mwanakheri, kweli. Na chini ya huruma hiyo alikuwa anayarudia maneno ya mwenzake moja moja, kama mtu anayefungua zawadi akiogopa kuchana karatasi.

Ahadi ile ya bombani aliitimiza. Siku Khelef alipokuwa anatayarisha mkoba wake wa Jambiani, baada ya sala ya alasiri, Hind alimwita.

"Khelef."

"Naam."

"Niletee kama yake. Sitaki kungoja."

Khelef alikaa kitandani. Uso wake ulikunjuka kama shuka iliyopigwa pasi.

"Wallahi umenipumzisha. Umefanya la maana, Hind. Hizo za presha maneno tu. Kesho kutwa nikirudi napita kwa Ammar, tumemaliza." Akapiga simu pale pale. "Mwanakheri? Nnakuja. Ndiyo, keshaamua. Kama yako. Eeh! Basi tafuta pweza, leo tule tukae barazani kama watu. Una nini? Mbona unacheka?"

Akacheka na yeye, bila kujua anachochekea. Alitia shati lake mkobani akiimba kwa puani, na Hind, aliyesimama mlangoni, alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipomsikia akiimba siku ya kwenda Jambiani. Leo atafika kule mzima mzima. Hatakuwa na kitu cha mjini kichwani. Watakula pweza, watazungumza mwani, na jina la Hind halitatajwa hata kwa bahati mbaya.

Khelef alitundika mkoba begani, akashika ufunguo wa gari.

"Khelef."

"Naam."

"Usinunue kwanza."

"Hind!"

"Sijasema sitaki. Nimesema usinunue kwanza. Muulize Ammar, hiyo nyengine mkanda wake ukoje. Kama ni wa mpira, mie mpira unaniwasha."

"Kwa hiyo unangoja?"

"Sijui. Ndiyo nnafikiri."

Khelef alimtazama, kisha akautazama mlango. Akautua mkoba chini taratibu, akatoa simu, akatafuta namba ya Ammar. Ammar hakupokea. Khelef akarudi kukaa kitandani, simu mkononi, akingoja kupiga tena.

"Utakunywa chai?" Hind alimuuliza. "Bado mapema."

"Tia," alisema Khelef.

Akamtilia, akamuongezea maziwa bila ya kuombwa.