Nje ya Ukuta wa Antiokia

Elisante hakuwa na cheti cha sekondari, hakuwa na leseni ya udereva, hakuwa na kitanda cha chini katika chumba cha watu wanane, wala hakuwa amemwona mkewe Agnes tangu mwaka 2009. Alikuwa na Kiarabu tu, alichojifunza mwenyewe, na kwa hicho akawa mkalimani wa wajenzi kule Silicon Oasis, Uarabuni.

Mwaka 2013 wenzake waligoma kupanda basi la kazini siku mbili, kwa sababu ya maji machafu ya kambini. Meneja akamwita, akampa karatasi na kalamu.

"Niandikie majina ya walioanzisha. Nami viza ya mkeo naisaini kesho, khalas, yamekwisha."

Alipotoka alikutana na Shomari, fundi wa zege.

"Mkalimani! Leo mdomo wako umempangisha nani?"

"Ni wangu mwenyewe, bwana."

"Mbona umetoka na kalamu ya arbab, bosi wetu?"

Elisante akaitazama kalamu mkononi. Akaitia mfukoni.

Mchana Elisante alimweleza jambo hilo mhandisi Vahan, Muarmenia mzee aliyezaliwa Beirut.

"Miaka mia tisa iliyopita, askari wa Msalaba kutoka Ulaya walipouzingira mji wa Antiokia," Vahan alisema, "gavana wake Mwislamu aliwafukuza wanaume Wakristo, watu wangu wakiwamo. Wake na watoto akawazuia ndani. Waarmenia wa nje waliwapelekea askari chakula. Askari wakala, na bado wakawashuku kuwa wapelelezi."

"Mwisho wake, sir?"

"Mtu wa ndani aliwaingiza askari usiku kupitia mnara wa ukuta. Wengine husema alikuwa Muarmenia. Askari wakaingia gizani wakiua. Hawakuuliza nani ni nani."

"Na wale wake?"

Vahan akaivua kofia yake ya kazi, akaipangusa vumbi. "Sijapata kitabu kinachosema, Elisante."

Saa tisa Elisante aliirudisha kalamu mezani kwa meneja, na karatasi ikiwa tupu.

"Unaelewa unachokikataa?"

"Naelewa, sir."

Ijumaa, siku ya mapumziko, aliandika: "Mke wangu, usiache kazi yako. Viza haitakuja. Walitaka niwataje watu, nami nimekataa. Kasirika ukitaka, ila uniandikie."

Aliisoma barua mara mbili. Akaikunja pamoja na cheti chao cha ndoa, ambacho Agnes alikuwa ameshamtumia kwa ajili ya viza, akavitia katika bahasha, akalamba gundi yake na kuikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika. Jumamosi akaipeleka posta.