Mkono Ulioandika Magombo

Baba alikufa akiamini kwamba magombo yale ya kale ya Kiyahudi, hati za ngozi, yaliandikwa na mtu mmoja. Aliitetea hoja hiyo miaka arobaini, kwa vitabu na kwa kejeli. Mpinzani wake mkuu, profesa mwenzake, baba hakumwita kwa jina hata siku moja. Nyumbani tulimjua kama Kichwa Ngumu.

Asubuhi hiyo Kichwa Ngumu alisimama nyuma yangu kwenye chumba cha hifadhi, akihema, akisubiri picha za magombo. Mhifadhi ni mimi. Kitabu cha baba kilikuwa kinakwenda kuchapwa upya, na nilitakiwa kutia saini kwamba hoja yake bado imesimama.

"Usije ukamvunjia baba yako heshima kaburini," mama alikuwa ameniambia.

Ngozi za magombo zimekuwa nyeusi tii kwa uzee. Baba aliziwahi zikiwa bado zinasomeka, akatandaza karatasi nyembamba juu ya kioo kilichozifunika na kunakili kila herufi kwa penseli. Tangu hapo wataalamu wote tumebishana juu ya nakala zake. Ngozi zenyewe tulizifungia kabatini. Za nini, na hazionyeshi kitu?

Kamera mpya inaona wino ndani ya weusi. Picha ya kwanza ikatokea. Mwandishi alikuwa ameruka kila mahali pa Jina la Mungu, kwa kicho, akaacha pengo. Mtu mwingine, mwenye mkono wa kutetemeka, alikuja kulijaza. Gombo la pili lilikuwa la mtu wa tatu kabisa.

Nilingoja Kichwa Ngumu ashangilie ili nimchukie vizuri. Hakushangilia.

"Sasa yule mwandishi mmoja wa marehemu alitoka wapi?" aliuliza. "Maana hata mimi, kwenye nakala, namwona. Miaka yote nabisha, na namwona."

Nikaiweka nakala kando ya picha. Kwenye nakala, kila herufi ndefu ilikuwa imeinamisha shingo kushoto, kama mtu anayetega sikio mlangoni. Shingo hizo zilikuwa kwenye daftari zangu za shule, baba alikonisahihishia. Zilikuwa kwenye karatasi ya dawa aliyoiacha kando ya kitanda. Zilikuwa pembezoni mwa kila kitabu rafuni mle, na kwenye masahihisho ya tasnifu yangu mwenyewe. Miezi mitatu baada ya mazishi, alikuwa amekijaza chumba. Niliogopa kugeuka.

Nikampigia mama.

"Umeshatia saini?"

"Siwezi, mama. Walioandika walikuwa watatu."

"Na yule mmoja wa baba yako?"

"Ni baba. Alinakili kwa mwandiko wake bila kujijua. Miaka yote tumekuwa tukimsoma yeye."

Nilijikaza nikisubiri lawama. Nikasikia kiti kikivutwa, akakaa.

"Nisomee," akasema.

"Nini, mama?"

"Chochote alichoandika."

Nikaifungua nakala mwanzo kabisa, nikamsomea.