Masufuria ya Khitma

Torgeir Lunde ana filamu tatu, na zote nimezitazama mpaka mwisho kwa sababu mwanangu Ghalia ameajiriwa naye. Katika ya kwanza, maiti wanaimba nyimbo za mapenzi kwenye kiwanda cha samaki huko kwao Norwe. Ya pili ni ya vichekesho: watu wa kanisani wanakwenda pikiniki, na mchungaji anawala mmoja mmoja. Ya tatu ni ya majambazi wapanda farasi, na ndani ya tumbo la kila farasi mna mtu aliye hai. Wazungu wamempa tuzo kwa uchafu huu. Wanasema ni bingwa wa kuchanganya, kicheko na hofu, mapenzi na matumbo. Mimi niliacha shule mapema, lakini ukitia tone la mavi kwenye maziwa hujachanganya kitu. Umeharibu maziwa.

Filamu ya nne, iliyo kubwa kuliko zote, alikuja kuipigia London, kwenye ghala moja tupu hapa Edmonton, basi moja tu kutoka kwangu. Ghalia alifurahi kama kashinda bahati nasibu.

Mimi ndiye mtunzaji wa masufuria ya jumuiya yetu, sisi Wazanzibari wa upande huu. Ni makubwa, mtoto anaweza kuogea humo, na yanakaa gereji kwangu. Arusi, maulidi, khitma, kila shughuli hupikwa humo. Na desturi yetu ni kwamba mtu akija kuyaomba, humuulizi anapika nini. Ukiuliza, utaonekana unatafuta mwaliko.

Basi Ghalia alipokuja sikuuliza.

"Baba, tunaomba masufuria mawili. Kuna arusi."

"Arusi?"

"Ya kwenye filamu. Torgeir anataka ya kweli, yaliyopikiwa. Alhamisi nitayarudisha, I promise."

"Jumamosi ni khitma ya Amir. Unajua Bi Suad alivyo."

"Najua, Baba."

Marehemu Amir alikuwa kaka yake Bi Suad, na khitma ndiyo kisomo na chakula cha kumwombea; Bi Suad ndiye mkuu wa wapishi wetu. Niliyapakia masufuria mwenyewe kwenye gari, nikatia na mwiko juu yake. Nilidhani watapika pilau, wapige picha, wale.

Alhamisi ilipofika hakuna aliyerudisha kitu, nikayafuata.

Harufu ilinipokea mlangoni. Ndani kulikuwa na taa kali kama jua la mchana, na chini ya taa bibi arusi kakaa ndani ya sufuria letu, matumbo yamemfika kifuani. Yalikuwa matumbo hasa, ya kijivu, yaliyoanza kuiva kwa joto la taa, na juu yake vimeelea vichwa vya nguruwe, meno nje, kope bado zina nywele. Kwenye sufuria la pili walikuwa wanakoroga damu kwa mwiko wetu. Anayekoroga ni mwanangu.

Torgeir mwenyewe alisimama pembeni anakula tofaa. Ni mtu mpole, msafi, kucha zake zimekatwa vizuri. Hilo ndilo lililonichafua roho zaidi.

"Ghalia! Toa mkono humo!"

Kila mtu aligeuka. Ghalia alikuja mbio, mikono myekundu mpaka viwikoni.

"Baba, yalikuwa ya plastiki. Wallahi. Asubuhi Torgeir kasema plastiki haianguki vizuri, akaagiza ya kweli."

"Ukaona nguruwe anaingia kwenye sufuria la khitma, ukashika mwiko?"

"Ningesema nini? Ni kazi yangu, Baba."

Nilitoka nje nikatapika kando ya pipa la taka.

Walimwaga matumbo na damu nikiwa nimesimama pale pale. Nikayapeleka masufuria nyumbani nyuma ya gari, madirisha yote wazi. Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Najisi ya nguruwe huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Nilichimba udongo uwanjani kwangu, nikakunja suruali, nikaanza kusugua. Mwiko niliuvunja nikautupa. Mafuta ya nguruwe yalikuwa yameganda kwenye mishikio, meupe, laini kama nta, na yaliingia chini ya kucha zangu.

Nikiwa natia udongo, Torgeir akaja na Ghalia. Alisema anataka kuomba radhi. Aliomba radhi vizuri tu, mkono kifuani. Kisha akachuchumaa, akanitazama ninavyosugua, na nikaona macho yake yanabadilika.

"Kwa nini udongo?" akauliza.

Nikamweleza.

"Hii ni nzuri kuliko kila kitu nilichopiga wiki hii," akasema. Akatoa simu, akaielekeza kwenye mikono yangu. "Endelea. Usinitazame."

Nilikwishainua ndoo. Ghalia akaniwahi. Alimshika Mnorwe mkono, akaushusha taratibu kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"No, Torgeir. Nenda."

Akaenda. Ghalia alikunja mikono ya shati, akashika mpira wa maji. Tulimaliza pamoja. Masufuria yaling'aa. Kwa sheria ya dini yalikuwa twahara kama siku yaliyonunuliwa.

Jumamosi asubuhi niliyapeleka ukumbini. Bi Suad alikuwa kaketi anachambua mchele. Kabla hayajawekwa jikoni nilimwambia yote, mbele ya wapishi wenzake, bila kupamba.

"Nguruwe?" akasema.

"Nguruwe."

"Umeyaosha?"

"Saba. Na udongo."

"Nampigia shekhe." Akampigia. Shekhe akasema twahara imepatikana, wapike. Bi Suad akaweka simu juu ya mchele.

"Shekhe kasema. Wee Muhiddin, nataka unijibu wewe, uliyeyaona. Nikipika humu pilau ya kaka yangu, wewe utakula?"

Wote walinitazama. Ghalia alikuwa mlangoni kabeba gunia la vitunguu, na nilijua anataka niseme nini. Nilitazama ndani ya sufuria, safi kabisa. Mate yalinijaa mdomoni, yale ya kabla ya kutapika.

"Sili," nikasema.

"Basi na wageni wa Amir hawali."

Akainuka, akaanza kupiga simu nyumba kwa nyumba, kila mtu alete sufuria lake la nyumbani, hata kama ni la kuchemshia mayai. Mimi na Ghalia tukashika masufuria makubwa, yeye mshikio huu, mimi huu, tukayatoa nje moja moja, watu wakitupisha njia.