Nani Alimgusa Nurudini

Asubuhi ile Pelagia alikuwa anaopoa muhogo uliolowekwa, vidole vimemnyauka kwa maji, na mdomo wake haupumziki.

"Ukifika pale mkutanoni unasema nimekosa, sitarudia. Usiongeze neno. Halafu tunarudi nyumbani."

"Nimekosa nini, mama?" Divine aliuliza.

"Umekosa kwa kuzaliwa na macho. Wenzako waliona wakapita."

Tena walikuwa wengi. Mwezi uliopita pikipiki ilimtupa Nurudini, kijana wa Kasulu anayesambaza sabuni na chumvi madukani, kwenye mteremko chini ya nyumba yao. Mfupa ulichomoza mguuni, damu ikaruka. Watu walimzunguka, wengine wakipiga picha kwa simu, wakaambiana asiguswe mpaka polisi waje. Divine alikuwa amefundishwa huduma ya kwanza shuleni. Alivua kitenge chake, akakikaza juu ya goti kwa kijiti mpaka damu ikasimama. Ndipo wanaume walipoleta ingobyi, machela ya kijiji, wakambeba kwa kupokezana hadi barabarani. Vilima vile havipandwi na gari, na desturi ni moja: asiyebeba wagonjwa wa wenzake, wa kwake hawabebwi.

Nurudini alipona, ila mguu ulikatwa. Sasa baba yake mdogo, Hilali, mwenye duka mjini, alikuwa anadai kwamba kitenge ndicho kilichoua mguu. Mtendaji wa kijiji alishatoa neno: Divine aombe radhi mkutanoni na aape kwamba hatamgusa majeruhi tena, la sivyo analala mahabusu.

Mwenye mtoto wa huruma na asikie hapa. Huruma haina wakili.

Mkutanoni, mtendaji Stanislaus alifika watu wameshachomwa na jua vya kutosha. Akaketi, akamaliza kwanza mambo ya simu yake.

"Binti, wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Nesi?"

"Hapana."

"Basi nani alikupa ruhusa?"

"Damu ilikuwa inatoka," Divine alisema.

Watu waliguna. Stanislaus akatikisa kichwa. "Sheria ya kumkinga mtu kama wewe mimi sijaiona. Mwenye cheti akikosea ana wakubwa wake wa kumsemea. Wewe una nani?"

"Ana mimi," Pelagia alisema.

"Mama Divine, ngoja uulizwe. Nyie watu wa kambini mna haraka sana."

Pelagia aliiacha kambi ya wakimbizi akawa raia Divine akiwa hajaota meno. Alilimeza na hilo, maana alikuja kumtoa mtoto, hakuja kugombana.

"Na nani mwingine alimgusa?" mtendaji aliuliza.

Pasikali, jirani yao, ndiye anayetunza ingobyi. Alisimama, kofia mkononi. "Mimi sikumgusa, mheshimiwa. Nilishika mti wa ingobyi tu."

"Na mimi mti," alisema aliyekuwa nyuma yake.

"Na mimi."

"Kumbe alijibeba mwenyewe," mama mmoja alisema, watu wakaangua kicheko.

Pelagia hakucheka. Mke wa Pasikali alikuwa na mimba ya kuhesabia siku, na hapo hapo mumewe anaikana ingobyi mbele ya watu. Siku uchungu ukimshika, nani atainua? Kila mtu atatafuta mti wa kusingizia.

"Haya, binti, apa tumalize."

Divine akamtazama mama yake, akafungua kinywa.

"Oya," Pelagia alisema kwa lugha ya kwao. "Hapana. Ngoja, mwanangu."

Alisimama akamgeukia mwenye duka.

"Baba Hilali, pole kwa mguu wa mtoto. Hata mimi nimemlilia. Divine ataapa, sikatai. Lakini tangulia wewe. Sema hapa, watu wasikie: 'Siku nyingine mtu wa nyumba yangu akianguka kwenye mteremko ule, aachwe. Damu imwishe, aachwe.' Ukishasema, binti anaapa."

Hilali akarekebisha baraghashia yake. "Mimi nimekuja kutafuta haki, mama."

"Itafute. Ila sema kwanza, maana wewe uko Kasulu, sisi ndio tunaokuwa pale mteremkoni."

Nurudini mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi, magongo yameegemea begani. Tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza kitu. Alimkazia macho baba yake mdogo, akasubiri kama wengine.

Hilali akamgeukia mtendaji.

"Mkutano umefungwa," Stanislaus alisema. "Mgambo, mpelekeni polisi."

Mgambo akamshika Divine mkono.

"Mwachie," Pelagia alisema. "Anajua kutembea."

Akaikaza kanga yake kiunoni, akatembea ubavuni mwa binti yake, nao wakaishika njia ya kituoni. Nyuma yao mtendaji alirudia mara ya pili kwamba mkutano umefungwa, lakini hakuna aliyenyanyuka. Walikuwa bado wanamngoja Hilali aseme.