Chuma cha Marehemu

Siku ya tatu tangu kazi ya pikipiki ianze, Mama alitoa kigoda chake, akaketi kando ya mlango wa karakana ya marehemu mumewe, akatulia. Hakuja kuzungumza. Alikuja kutazama.

Pikipiki yenyewe lilikuwa dude kubwa la bei nafuu, refu, pana, ambalo marehemu alilipenda kwa kimo chake tu. Mtaani walilibatiza Nyati. Marehemu alikuwa fundi wa kuchomelea, na kila lilipoanguka aliliongezea chuma. Taa ilipovunjika, alizungushia nondo mbele. Tangi lilipobonyea, akaweka mabomba mazito ubavuni. Nyuma akatengeneza keria ya kubebea hata mlango wa nyumba. "Sasa ukuta ukiligonga, ukuta ndio utakaolia," alikuwa akisema, halafu anacheka peke yake. Kisha kifua kikamlaza, hakuinuka tena. Nyati akabaki chini ya turubai mwaka wa pili sasa.

Lililomtoa chini ya turubai ni uhamisho wa binti yao. Binti alikuwa muuguzi, na zahanati aliyopangiwa ilikuwa juu mlimani, gari halifiki. Njia nzima ni mawe na makorongo, na kila wiki alitakiwa kushuka mjini kuchukua chanjo na kuzipandisha zikiwa bado baridi. Muuguzi aliyemtangulia aliangukiwa na pikipiki katikati ya njia hiyo, mguu ukabanwa chini yake. Alilala pale mchana kutwa mpaka wakata kuni walipomkuta, na mguu haukupona. Mama aliyasikia hayo sokoni. Tangu hapo sala zake zilirefuka, lakini hakumwambia binti asiende. Watoto wa huko juu nao wana mama zao.

Kazi ya kumfanya Nyati aiweze njia hiyo alipewa rafiki wa marehemu, fundi pikipiki mmoja aliyeitwa Mkimya kwa sababu hakuwahi kunyamaza.

"Shemeji, tazama!" alisema siku hiyo, akizungusha gurudumu. "Tairi za meno. Hizi zinauma tope kama zina njaa. Gia nimeipunguza, itapanda mlima polepole kama mzee anayekwenda kudai haki yake, lakini itafika. Springi ngumu. Chini ya injini nimeweka bamba la alumini, jiwe likija linateleza. Bado nini?"

"Bado kuanguka," Mama alisema.

Mkimya akacheka. "Shemeji, tuombe mema."

"Naomba kila siku. Ilaze chini."

"Nini?"

"Ilaze chini, kwa ubavu. Mwanangu aiinue."

Binti, aliyekuwa akifunga sanduku la chanjo kwenye keria, akageuka. "Mama, nitaiinua tu. Mimi si mtoto."

"Basi inua nione."

Wakailaza taratibu, Mkimya akilalamika kwamba hajawahi kuona mtu akiangusha pikipiki nzima kwa makusudi. Binti akashika usukani, akavuta. Nyati hakusogea. Akazunguka upande wa pili, akashika keria, akainama, mishipa ya shingo ikamtoka. Pikipiki ikanyanyuka kiasi cha kupitisha kiganja, ikarudi chini. Akajaribu tena. Mara ya nne aliketi vumbini, viganja vyekundu, asimtazame mtu.

Hata Mkimya alinyamaza.

Mama aliyaangalia yale mabomba ya ubavuni, zile nondo, ile keria. "Hivi vyote vina uzito gani?"

"Shemeji..." Mkimya alijikuna kichwa. "Ningekuambia siku ya kwanza. Lakini ni kazi ya mikono ya kaka. Nilikuona unaipangusa keria kila unapopita. Nikasema, acha, mimi si wa kumtonesha mtu kidonda."

"Nimekuuliza uzito, shemeji."

"Tutajua tukikata. Ila bila kukata, huyu ng'ombe hainuki."

Binti alisimama, akajikung'uta. "Tusikate, Mama. Nitafanya mazoezi. Hii ndiyo iliyobaki ya Baba."

Mama aliinuka kigodani. Alijua kuwa mtoto anasema lile ambalo yeye mwenyewe alikuwa akilisema moyoni tangu juzi. Akaikaribia keria. Nyuma ya siti palikuwa na kishikio cha bomba jembamba, kimepinda kidogo, rangi imekwisha na chuma kinang'aa. Marehemu alikichomelea kwa ajili yake. Mama hakupenda kumshika mume kiuno mbele za watu, na siku moja mumewe alimwambia, "Basi nitakupa kitu kingine cha kukamata, usije ukaniacha njiani." Alikikamata kishikio hicho miaka minane. Mng'ao ule ulikuwa wa viganja vyake.

Alitaka sana kusema hapana, tafuteni njia nyingine. Kisha akamwona mawazoni yule muuguzi asiyemjua, mguu chini ya chuma, jua utosini.

"Baba yako aliweka chuma ili pikipiki isiumie," alimwambia binti. "Hakukosea, yeye alikuwa na mabega ya kuiinua. Wewe huna. Shemeji, kata."

Wakaisimamisha, wakalifungua sanduku la chanjo kutoka kwenye keria, Mkimya akatoa betri na tangi la mafuta, akaliweka mbali ukutani. Akawasha mashine ya kukatia. Cheche zikaruka. Mama alirudi kwenye kigoda chake, midomo ikitembea bila sauti, wala hakufumba macho. Alihesabu kila kipande kilichoanguka.

Mkimya alipofika kwenye kishikio akazima. "Na hiki?"

"Kikate," Mama alisema. Kisha akainuka. "Ngoja. Akiinua, atashika wapi?"

"Usukani mkono mmoja. Nyuma, nitamfungia mkanda."

"Mkanda utateleza kwenye tope." Akaweka kiganja chake kwenye kishikio, pale pale penye mng'ao. "Hapa hapatelezi. Nimepanda hii kwenye mvua, najua. Hiki kimechomelewa kwenye fremu, si kwenye keria. Keria kata hapa, na hapa. Hiki ni bomba tu, ndani tupu, hakina uzito."

Mkimya aliinama, akachungulia, akagonga kwa spana. "Ni kweli, kiko kwenye fremu," alisema kwa upole. "Alikitia kivyake."

Walipomaliza, walitundika vile vipande kwenye mizani ya magunia, fungu kwa fungu. Kilo arobaini na tatu. Mkimya alirudia kupima, kwa sababu hakuamini. Alichomelea kiti chepesi cha sanduku la chanjo, akarudisha tangi na betri, wakalifunga sanduku likiwa limejaa chupa za maji badala ya chanjo. Kisha wakailaza pikipiki tena.

"Ipe mgongo," Mkimya alielekeza. "Chuchumaa. Mkono huu usukani, huu kwenye kishikio cha mama yako. Usivute, sukuma kwa miguu, rudi kinyumenyume."

Binti akachuchumaa. Visigino vikachimba ardhi. Nyati akaguna, akanyanyuka, akasimama.

Mkimya akapiga makofi. Binti akacheka huku akihema, akamtazama mama yake. Mama hakucheka.

"Laza," alisema. "Tena."

Akainua mara ya pili. Ya tatu. Mara ya tano aliegemea siti, akihema.

"Mama, nimechoka."

"Huko juu utaanguka ukiwa umechoka. Tena."

Binti akageuka, akachuchumaa, akapapasa nyuma bila kutazama mpaka vidole vikakipata kishikio. Mama aliona vimefunga pale pale vilipokuwa vikifunga vidole vyake, akaanza kuhesabu upya, moja.