Jogoo wa Mchungaji

Mourine aliwachinja kuku kwa mkono wake mwenyewe, tena baada ya kuwaombea. Mluhya akikualika kwake akakosa kukupikia kuku, jua hakutaki. Na hawa wageni Mourine aliwataka sana. Tangu mtu akate waya wa spika za kanisa, vijana wa kanisa lao la Kisumu Ndogo na wenzao wa msikitini kule Makina hawasalimiani, na ngumi zilikuwa karibu. Yeye, mwenyekiti wa vijana, ndiye aliyemwendea Sebit, kiongozi wa wale wengine, akamwambia, "Njooni mfuturu kwetu." Wazee wa kanisa waliguna, lakini wakamwachia.

Basi jua linashuka, sufuria inanukia hadi njiani, ndipo Phanuel, aliyewanyonyoa kuku hao wote, akakumbuka kufikiri.

"Lakini Waislamu si hula nyama iliyochinjwa na Mwislamu?"

"Na unaniambia saa hii?"

"Nilidhani unajua. Wewe ndiye mwenyekiti." Akaonja mchuzi. "Nyamaza tu. Kuku hana kitambulisho."

Mourine alimnyang'anya mwiko, akapiga hesabu. Akinyamaza, karamu itafana. Akisema, watu waliofunga tangu alfajiri watarudi na njaa zao, amani ife kabla haijazaliwa, na wazee wamcheke hadi Krismasi. Alikuwa hajaamua bado wageni walipofika na kanzu zao zilizopigwa pasi, Sebit amebeba tende.

"Niaje, Sebit," alisema akiwa mlangoni. "Kuku nimechinja mimi. Sikujua. Msile."

Sebit aliitazama sufuria, akaivuta ile harufu kwa uchungu wa kweli. Halafu jogoo akawika nyuma ya kanisa.

"Na huyo?"

"Wa mchungaji. Wa Jumapili."

Watu wote wakamgeukia mchungaji, aliyekuja kuwapokea wageni. Maskini, alimeza mate, akaangalia chini, akasema, "Mpeni kisu."

Sebit akachinja kwa Bismillahi. Adhana iliposikika wakafungua kwa tende, wakala ugali na omena, vidagaa vya jirani, huku jogoo akichemka. Wale kuku wengine waliwashughulikia Phanuel na wenzake, kwa masikitiko makubwa, kila mtu na mapaja mawili.

Wakati wa kuagana, Sebit alibaki nyuma.

"Ungenyamaza, tungekula."

"Najua."

Sebit akakuna kichwa. "Ule waya nilikata mimi. Nyanya yangu alikuwa mgonjwa, na kesha yenu ya maombi ilikuwa haiishi. Kesho nitakuja kuutengeneza."

Mourine alikasirika, tena sana, kisha akamfikiria yule nyanya kitandani na zile spika zinavyonguruma, hasira ikakosa pa kukaa.

"Kuja," alisema. "Na utuonyeshe sauti ikifika wapi inawasumbua."

Jumapili spika ziliimba vizuri na kuishia pale pale uani. Mchungaji alihubiri juu ya upendo kwa jirani, akaenda kula omena.