Upande Gani?

Hamtaamini, lakini kisiwa kizima kilinigombania na mimi hata mguu sijatia huko! Nilikuwa hapa mjini Apia napanga safari ya kisiwa cha Atafu, alikozaliwa mama. Nikampigia Bibi Selepa, dada yake marehemu bibi yangu, nimwambie nakuja na meli ya kesho. Badala ya kunikaribisha akauliza, "Upande gani?"

Kule kijiji kina pande mbili, na kriketi, uvuvi, hata ngoma, yote ni kushindana. Ukifika lazima uwe na upande.

"Njoo kwetu, nakuwekea kaa wa minazi," akasema.

Mara Bibi Hina, mdogo wake wa upande wa pili, akamnyang'anya simu. "Usimdanganye mtoto! Nyie kriketi tuliwapiga mpaka mkalia. Mjukuu wangu, mama yako alikuwa wetu!"

"Kabla hajapata akili!" Bibi Selepa akapaza sauti.

"Siwezi kuwa wa pande zote?" nikauliza.

"Hapana!" wakajibu pamoja.

Nikamgeukia mama. Akacheka. "Mimi walinishinda, ndiyo maana naishi Apia."

Kwenye simu bibi wawili wananisubiri, na nitakayemkataa hatanisamehe. Ungekuwa wewe ungemjibu nani?